Daftari la nukuu na mikorosho ya baba

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Tandahimba. Tangu nimalize kidato cha nne nakusanya nukuu za watu maarufu kuhusu maisha na mafanikio, sasa niko daftari la tatu. Kila asubuhi naweka moja kwenye status. Watu wanapenda, wengine wananiita mshauri, lakini mimi mwenyewe sisogei. Baba alifariki mwaka jana. Ameacha mikorosho ekari nne na deni kwa watu wa kangomba. Baada ya arobaini nikaisoma tena ile ya Bill Gates, kwamba ukizaliwa maskini si kosa lako ila ukifa maskini ni kosa lako. Nilimchukia baba yangu, halafu nikajichukia kwa kumchukia. Tangu hapo silali vizuri. Mama anasema nichome madaftari yote. Naomba kujua: hizi nukuu zinasaidia kweli au zinatupumbaza? Na kama zinasaidia, nifuate zipi, maana nyingine zinapingana zenyewe kwa zenyewe?"*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa msiba wa mzee. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipoona kwamba ndani yake mna maswali mawili. La juu ni la nukuu. La chini ni la baba. Nitaanza na hilo la chini, kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi.

Maneno yale ya "kufa maskini ni kosa lako" yanazunguka kwenye simu zetu yakiwa na picha ya Bill Gates, lakini hayaji na tarehe, wala mahali, wala hotuba yalikotoka. Hata kama ni yake, angalia maisha ya mwenye jina. Baba yake alikuwa wakili mjini Seattle. Mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 13, shule yake ilipata mashine ya kuunganisha na kompyuta, na fedha zilitokana na mnada wa vitu vilivyotumika ulioandaliwa na akina mama wa wanafunzi. Wakati huo vyuo vikuu vingi duniani havikuwa na kitu kama hicho. Kwamba alijituma, alijituma kweli, na simnyang'anyi jasho lake. Ila huyo si shahidi wa habari za umaskini. Hakuzaliwa humo na hakutokea humo.

Sasa mtazame baba yako. Mkulima wa korosho anapata fedha msimu mmoja, kuanzia Oktoba minada inapofunguka, lakini anakula miezi 12. Ikifika Januari hadi Machi ghala la chakula linasikika mlio ukiligonga. Hapo mtoto akiumwa, au ada ikidaiwa, ndipo mtu wa kangomba anapokuja na noti mkononi, ananunua korosho ambazo hazijatoa hata ua, kwa bei anayoitaka yeye. Wewe unajua kuwa biashara hiyo hairuhusiwi, na baba alijua. Lakini aliyeuza hivyo hakuwa akiuza korosho tu, alikuwa akinunua Februari. Msimu unapofika nusu ya gunia si yake tena, anaingia mwaka mpya akiwa na upungufu uleule, na kangomba anarudi. Juu ya hilo kuna bei ya mnadani, ambayo hutegemea wanunuzi wa India na Vietnam wanahitaji mzigo kiasi gani mwaka huo. Kuna mvua zinazonyesha maua yakiwa juu, na kuna ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Sisemi mzee hakukosea popote, simjui, na binadamu yeyote hukosea. Nasema kauli ile imeokota jua, mvua, soko, maradhi na njaa ya Februari, ikavifunga vyote kwenye shingo ya mtu mmoja. Daktari akifanya hivyo tungesema amekosea kupima.

Labda unajiuliza: basi kwa nini ilinichoma kama kweli? Swali hilo lina jibu, na ukilielewa utakuwa umeelewa nusu ya nguvu ya misemo yote.

Mwaka 2000 watafiti wawili wa Marekani, Matthew McGlone na Jessica Tofighbakhsh, walichapisha utafiti wao juu ya misemo ya Kiingereza. Waliwapa watu misemo yenye vina, na pia misemo ileile ikiwa imebadilishwa neno moja ili kina kivunjike lakini maana ibaki. Watu waliona yenye vina ni ya kweli zaidi. Lililonivutia mimi ni sehemu ya pili: walipoambiwa mapema watenganishe uzuri wa maneno na ukweli wa dai, tofauti ile ilipotea. Sisi tunalijua hili kwa sikio. "Haba na haba hujaza kibaba" inakaa moyoni mara moja. Jaribu kusema "kidogo kidogo hujaza chombo": maana ni ileile, lakini hakuna atakayeiandika kwenye daftari. Na ile iliyokuumiza imejengwa hivyohivyo, si kosa lako, ni kosa lako, inapiga kama mtwangio unapanda na kushuka. Sikio linakubali kabla akili haijaulizwa.

Dawa yake ni rahisi na nakuomba uifanye leo. Chukua msemo, uvue nguo zake. Uandike kwa maneno ya kawaida kabisa, kama unavyomweleza mtu njia ya kwenda Newala. Huo wa kwako utakuwa hivi: "Kila mtu aliyekufa hana mali, sababu ni uzembe wake peke yake." Soma kwa sauti. Je, unamjua hata mzee mmoja kijijini kwenu ambaye maneno hayo yanamhusu kikamilifu? Rais mstaafu Kikwete anajulikana kwa kauli ya kwamba akili za kuambiwa uchanganye na zako. Kuvua msemo nguo ndiko kuchanganya kwenyewe.

Nije kwenye swali la juu. Nukuu zinasaidia au zinapumbaza? Zinafanya yote mawili, na tofauti inatokana na kinachofuata baada ya kuzisoma. Unaposoma kauli nzuri asubuhi, unajisikia kama mtu aliyekwisha kufika. Watu wakiipenda kwenye status, unajisikia umefanya kazi. Mwili unapumua, na ile hamu iliyotakiwa kukuinua kwenda shambani inakuwa imekwisha kulipwa. Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha utafiti mwaka 2002 ambamo waliwafuatilia vijana wa Ujerumani waliomaliza chuo wakitafuta kazi. Waliojizamisha zaidi katika kuota jinsi mambo yatakavyokuwa mazuri ndio walioomba kazi chache zaidi, na miaka miwili baadaye walikuwa wamepata nafasi chache na mishahara midogo. Waliofanya vizuri ni wale waliotegemea kufanikiwa kwa sababu ya mambo waliyokwisha kuyafanya. Kwa hiyo kusimama kwako hakutokani na uvivu, wala laana. Umekuwa ukishiba harufu ya chakula.

Kuna jambo jingine linalopaswa kusemwa wazi. Wanaonukuliwa ni wale waliofika. Kijana aliyeuza shamba la urithi akafuata ndoto yake Dar es Salaam, ndoto ikamtupa, haalikwi kwenye jukwaa kutoa nasaha, na maneno yake hayawekewi picha ya jua linachomoza. Ukiona kauli inasema "thubutu, acha kila kitu", kumbuka unasikia upande mmoja wa kesi.

Lakini lililokusumbua zaidi ni kupingana kwake, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo penye utajiri.

Haraka haraka haina baraka. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Wahenga hawakuwa na akili mbili. Kila msemo ulizaliwa kuwa jibu la swali la mtu fulani, siku fulani. Wa kwanza ulimjibu anayekurupuka, wa pili ulimjibu anayesuasua. Ukiuchukua msemo bila swali lake, umeokota ufunguo barabarani, hujui ni wa mlango gani. Mama zetu wanalijua hili kuliko sisi wenye madaftari. Mwanamke akiingia duka la kanga pale sokoni, hachagui rangi tu, anasoma jina la kanga, na anajua analivaa siku gani, apite mbele ya nani. Jina lile lina mlengwa. Vivyo hivyo kwenye jando na unyago: kungwi hamwachii mwali maneno matupu, anayaimba, anayacheza, anamweleza yanahusu nini, kisha anamtaka ayafanye. Status haina mlengwa. Unarusha jibu kwa watu 200 bila kumsikia hata mmoja ameuliza nini.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii hapa Mtwara, mvuvi mmoja wa Msangamkuu alinijia baada ya chombo chake kuvunjika. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mbivu zipi, Mwalimu, nami sina mti?" Alikuwa ameuliza atapata wapi mbao na misumari. Nilimpa jibu la mtu mwingine. Tangu siku hiyo nimejizuia kutoa msemo kabla sijajua swali.

Tujaribu njia hii kwa kauli za watu wetu wakubwa, uone zinavyobadilika. "Kupanga ni kuchagua" umeiandika bila shaka, na wengi huisoma kama wito wa kuwa na malengo mengi. Mwalimu Nyerere aliitoa mwaka 1969 akiueleza mkutano wa TANU Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Swali lililokuwa mezani ni la nchi yenye mahitaji mengi na fedha chache: shule, barabara, zahanati, viwanda, vyote vinalilia shilingi ileile. Jibu lake ni kwamba ukichagua kimoja umekubali kingine kisubiri, na lazima uwe na ujasiri wa kusema hivyo mbele ya watu. Kwa hiyo si kauli ya kuongeza, ni kauli ya kupunguza. Kwako wewe maana yake inaweza kuwa: mwaka huu ni mikorosho, duka la simu lingoje.

Au lichukue Azimio la Arusha la 1967. Swali lake lilikuwa: tusubiri fedha za wageni ndipo tuendelee? Likajibu kwamba fedha ni matokeo ya maendeleo, si msingi wake, na likataja masharti mawili, juhudi na maarifa. Watu hulikumbuka la juhudi, wakalisahau lile la maarifa, ilhali Azimio lilieleza kwa lugha ya mkulima: jembe kubwa badala ya dogo, mbegu bora, dawa ya wadudu, kujua zao gani linafaa ardhi gani, kujua wakati wa kupanda na kupalilia. Sisi wa kusini tuna ushahidi wa juhudi zisizo na maarifa. Kuanzia 1947 Waingereza walileta mradi mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Fedha zilikuwapo, matrekta yalikuwapo, bidii ilikuwapo. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili yake. Hawakuisoma ardhi na mvua vya kutosha. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, zikiwa zimepotea pauni milioni 36 hivi, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Nawaheshimu sana wanaosema "fanya kazi kwa bidii", ila mtu akiniambia hivyo namuuliza: kwa maarifa gani?

Kuna na ile tuliyoisikia sana enzi za Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso kule Masasi, kwamba mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Kwa kijana mzima wa miaka 27 ni kauli ya heshima, inamwambia kuwa hana sababu ya kuinama. Kwa mgonjwa au mzee aliyeishiwa nguvu inaweza kuwa jiwe. Msemo uleule, mlengwa tofauti.

Kuhusu majina yaliyoandikwa chini ya nukuu, uwe mwangalifu. Ile ndefu inayosema hofu yetu kubwa si kwamba hatutoshi, ila kwamba tuna nguvu kupita kiasi, inasambazwa kama hotuba ya Mandela alipoapishwa mwaka 1994. Haimo katika hotuba ile. Iliandikwa na Mmarekani Marianne Williamson, ikachapishwa mwaka 1992. "Kuwa wewe yale mabadiliko unayotaka kuyaona duniani" hupewa Gandhi, lakini maneno hayo kwa umbo hilo hayaonekani katika maandishi yake. Aliandika wazo lililo karibu nalo, refu na lenye uzito zaidi. Hii haifanyi kauli ziwe mbaya. Inakuonyesha tu kwamba jina kubwa hutumika kama muhuri wa kutufanya tusiulize. Kauli ikifika bila mahali wala mwaka, isome kama ya jirani yako, kisha uone kama bado inasimama.

Na ipo moja ambayo ningependa uihamishie ukurasa wa kwanza. Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, alipenda kutukumbusha kwamba mwanadamu ni hadithi, basi tujitahidi tuwe hadithi nzuri kwa watakaosimulia. Wazo hilo limo katika shairi la Ibn Duraid, mshairi wa Kiarabu aliyezaliwa Basra na kufariki Baghdad mwaka 933. Limesafiri zaidi ya miaka 1,000 likipita vinywa vya watu, na halisemi neno hata moja juu ya mali. Swali lake ni: nini kitasimuliwa? Baba yako ameacha ekari nne za mikorosho iliyo hai. Mkorosho haulimwi kwa msimu. Mtu anauchimbia shimo, anausubiri miaka ndipo uanze kuzaa, halafu unaendelea kuzaa yeye akiwa hayupo. Hiyo pia imo katika hadithi yake, kando ya deni.

Basi ufanye nini? Madaftari usiyachome. Chagua kauli moja tu kwa miezi mitatu, ile inayojibu swali ulilo nalo sasa, na uifunge kwenye tendo lenye saa na mahali. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, ameonyesha kwamba mtu akipanga kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile", hutekeleza zaidi kuliko anayebaki na nia peke yake. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 na kuona jambo hilo limejirudia. Kwa mfano: "Nikimaliza chai Jumatatu, kabla ya kufungua simu, naenda ofisi ya AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kuuliza hesabu za baba." Hiyo haipendezi kwenye status. Iandike hivyohivyo.

Huko AMCOS uliza korosho alizopeleka, malipo yaliyobaki, na namna ya kuhamisha usajili wake wa mkulima. Mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo ili apatikane msimamizi anayetambulika. Deni la marehemu hulipwa kutoka katika mali aliyoacha, kwa uthibitisho, si kutoka mfukoni mwa mtoto kwa vitisho. Wanaodai waje na maelezo yao, yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji. Na kabla ya Juni uwe umekwisha kupata ushauri wa bwana shamba juu ya ubwiriunga, salfa ipulizwe lini na kwa kiasi gani. Kituo cha utafiti wa korosho kipo Naliendele, karibu tu na Mtwara mjini. Tuna bahati ya kuwa nacho, kitumie.

Sasa la usingizi. Huzuni ya msiba huja na hasira, hata kwa tuliowapenda, na hiyo peke yake si ugonjwa wala dhambi. Lakini kama kulala kumekushinda kwa zaidi ya wiki mbili, kama chakula hakipiti, kama umeacha kuona faida ya kuamka, basi nenda zahanati au kituo cha afya, useme hivyohivyo bila kupunguza. Wakiona inafaa watakupa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, au ile ya mkoa, Ligula. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye anaweza kukaa nawe. Na likikujia wazo la kujidhuru, usingoje kukuche: mwamshe mama au jirani usiku huohuo, asikuache peke yako, mwende wote. Barua yangu haiwezi kushika bega lako, mtu aliye karibu anaweza.

Kuhusu mama kutaka madaftari yachomwe, nadhani anaogopa kukupoteza na wewe. Kaa naye jioni moja, simu ikiwa mbali. Mwombe akusimulie mikorosho ile ilipandwa mwaka gani, nani alichimba mashimo, walikula nini miaka waliyokuwa wakiisubiri izae. Daftari la tatu bado lina kurasa. Andika humo anavyosema, kwa maneno yake, na chini yake uandike jina lake, mahali na tarehe.